Magurudumu Kwenye Saruji Mbichi

Siku yangu ya kwanza kwenye mjengo sikupewa mwiko wala karai. Fomani Mutua alinitupia ncha ya mpira mwembamba uliojaa maji, akaniamuru nisimame palepale na nisiutikise. Yeye alishika ncha ya pili, akaenda nayo mpaka upande wa pili wa kiwanja. Maji yalipotulia, akachora alama ya penseli kwenye kigingi chake, nami nikachora kwenye changu.

"Hapa na pale ni sawa," akasema. "Jicho inadanganya. Hata mimi fomani naweza kudanganya. Lakini maji haina mjomba."

Hivyo ndivyo tulivyopima usawa miaka hiyo ya sabini, kabla vijana hawajaanza kuja kazini na mitambo ya kuchungulia. Nilikuwa nimetoka Murang'a, nikaishi kwa shangazi yangu Ziwani, na kila asubuhi nilitembea kwenda popote kampuni ilipokuwa na kazi. Nilianza kwa kubeba kokoto. Baada ya miaka miwili nikawa msaidizi wa fundi, kisha fundi wa mawe, na mwishowe fundi wa kumalizia, yaani yule anayeitwa wengine wakishatoka, ili kazi ionekane nzuri machoni. Sifa yangu ilikuwa kwenye niro. Niro ni ile sakafu ya saruji laini, unayoinyunyizia unga wa simiti ikiwa bado mbichi, ukaisugua kwa mwiko wa chuma mpaka ing'ae. Nilipiga niro katika nyumba nyingi za Eastlands. Nilikuwa nikirudi kutazama uso wangu ndani yake.

Mwisho wa miaka hiyo kampuni yetu ilipata kazi ya kukarabati ukumbi mdogo katika mtaa jirani na Ziwani. Sitautaja, kwa sababu watu wake wengine bado wapo. Ukumbi ulikuwa wa kikundi cha akina mama washonaji. Walishona sare za shule na mapazia, na cherehani zao zilipangwa kando ya madirisha. Sakafu yake ilikuwa juu ya ardhi kwa inchi thelathini, na mbele palikuwa na ngazi tano. Tuliambiwa tubadilishe paa, tupake rangi, na kando ya ngazi tujenge mteremko wa kupitisha kiti cha magurudumu.

Kiti hicho kilikuwa cha Bi Mwanaisha, mshonaji hodari kuliko wote. Miguu yake ilipooza tangu utotoni. Wazee wake walikuwa watu wa Lamu, lakini yeye alizaliwa hapahapa, akaishi Ziwani na dada yake, Bi Rukia. Kila siku akina mama wanne walimbeba na kiti chake kupanda zile ngazi tano, na jioni wakambeba kumteremsha. Hakupenda.

"Mimi si gunia, kaka Mwangi," aliniambia siku ya kwanza. "Nataka niingie kazini kama mtu anayeingia kazini."

Alikuja kila siku kututazama. Alinionyesha kiti chake kwa fahari. Raba za asili zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo fundi mmoja wa viatu vya tairi pale Kariokor alikuwa amemkatia vipande vya tairi la lori, akavizungusha kwenye magurudumu na kuvipigilia. Gurudumu la kushoto lilikuwa na kiungo kilichofungwa kwa misumari mitatu ya vichwa vipana.

"Raba ya lori hii," akacheka. "Hii itanizika."

Sasa niwaeleze jambo ambalo kila fundi kijana anapaswa kulijua. Mteremko wa kiti cha magurudumu unapimwa hivi: kila inchi moja ya kupanda inataka futi moja ya urefu. Sakafu ikiwa juu kwa inchi thelathini, mteremko utakuwa wa futi thelathini, si pungufu. Mhandisi wetu alikuwa ameandika hivyo kwenye ramani. Lakini siku moja Meneja wa Kazi alikuja, akatembea uani na fimbo yake, akasimama mlangoni.

"Futi thelathini itafika getini," akasema. "Siku ya kufungua, mgeni wa heshima atapitisha gari wapi? Fomani, kata hii kitu. Weka futi kumi."

Fomani Mutua alitazama ardhi. "Futi kumi itakuwa kali, bwana."

"Watu watamsukuma. Kwani ataenda peke yake?"

 Meneja alipoondoka, Fomani alinigeukia mimi. "Umesikia. Futi kumi."

Tukajenga. Inchi tatu za kupanda kwa kila futi moja. Hata mtu mwenye miguu miwili aliupanda akiwa ameinama. Nami, kwa kuwa nilijua wageni wangekuja, niliumalizia kwa niro. Ulimetameta kama sahani.

Bi Mwanaisha alikuja jioni ile, akasimamisha kiti chake chini, akautazama mteremko kwa muda mrefu.

"Kaka Mwangi, hii si itakuwa kali?"

Nilijua jibu. Mwiko ulikuwa mkononi mwangu, na nilijua jibu kama ninavyojua jina langu.

"Itakuwa sawa, dada," nikamwambia.

Aliniamini. Mgeni wa heshima alikuja, gari lake likafika mlangoni, watu wakapiga makofi. Wiki ya pili mvua ya masika ikaanza. Siku moja adhuhuri, akina mama wakiwa ndani, Bi Mwanaisha alitoka peke yake kwenda kuswali. Sakafu yangu ilikuwa imelowa. Waliomwona kupitia dirishani walisema hakupiga kelele. Kiti kiliteleza upande upande, kikashika kasi, kikamgongesha kwenye nguzo ya geti. Siku ya tatu akafariki.

Nilikwenda mazishini, nikasimama nyuma kabisa. Bi Rukia aliniona, akaniamkia kwa heshima kama anavyomwamkia mtu yeyote. Nilitoka kabla ya watu kuanza kutawanyika.

Baada ya mwezi mmoja kampuni iliagizwa kuubomoa ule mteremko na kuujenga upya. Meneja wa Kazi alisema uwe futi thelathini sasa, lakini uani uachwe wazi. Kwa hiyo tuliukunja: futi kumi na tano zikifuata ukuta wa pembeni, kisha kona, kisha futi kumi na tano nyingine mpaka mlangoni. Pembeni tuliweka ukingo wa saruji wa inchi nne, ili gurudumu lisitoke njiani. Safari hii nilijua kwamba juu hapapigwi niro. Unamwaga tabaka la mwisho la saruji, unalisawazisha kwa ubao, halafu kabla halijakauka unalipitisha ufagio mgumu ili liwe na mikwaruzo ya kushika.

Tulikuwa watatu: mimi, Fomani Mutua, na fundi mwenzangu aitwaye Ouma, mtu mzima wa rika langu, mcheshi sana. Akina mama walikuwa wamepewa likizo mpaka tumalize. Ukumbi ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na geti lilikuwa moja tu.

Tulimwaga tabaka la mwisho asubuhi. Saa sita mchana tukatoka kula. Tulikaa kwenye mawe palepale getini, migongo yetu ikiegemea mabati ya geti. Jua lilikuwa utosini. Watu wa Bi Mwanaisha husema saa hiyo ni ya majini, si ya kupita pita, lakini mimi nilikuwa Mkristo wa Murang'a, sikuyajali hayo. Hakuna mtu aliyeingia. Hakuna aliyetoka. Ouma alikuwa akitupigia hadithi ya shemeji yake, kisha akanyamaza katikati ya neno.

"Mwasikia?" akauliza.

Nilisikia. Ilikuwa sauti ndogo ya kitu kinachobingirika polepole kwenye kitu laini, na baada ya kila mzunguko, kishindo kidogo. Trrr, tak. Trrr, tak.

Tulirudi ndani. Kwenye saruji mbichi palikuwa na mistari miwili inayokwenda sambamba, kutoka chini mpaka kwenye kona. Pale ilikoma.

"Watoto wa mtaa," Fomani akasema. "Wamepita na mkokoteni."

"Wamepita wapi, Fomani? Juu ya vichwa yetu?" Ouma akauliza. Hakuwa akitania.

Nilipiga magoti. Alama zilikuwa za raba ya lori, zile pembe pembe zake. Na katika mstari wa kushoto, kila baada ya urefu uleule, palikuwa na vishimo vitatu vidogo vya mviringo, kama vya vichwa vya misumari.  Sikuwaambia wenzangu nilichokiona.

"Sawazisha," Fomani akaniamuru. "Sitaki maneno."

Nikasawazisha kwa ubao, nikapitisha ufagio. Saa kumi tukaenda kunywa chai, tena palepale getini. Tuliporudi, mistari ilikuwa pale. Ilipanda, ikafika konani, ikakoma. Pale ilipokoma palikuwa na vishimo viwili, kana kwamba kiti kilisimama kwa uzito, kikarudi nyuma kidogo, kikasimama tena. Na juu ya ukingo wa saruji, ambao ulikuwa haujakauka, palikuwa na alama za vidole vinne. Vidole vyembamba, vilivyoshika kwa nguvu.

Ouma aliweka karai chini. "Mimi hapa sishiki mwiko tena, Mwangi. Wallahi, na mimi si Mwislamu."

Fomani Mutua alivua kofia yake. Alikuwa amejenga miaka mingi kuliko umri wangu, na sikuwahi kumwona akivua kofia kazini. "Kesho," akasema. "Tutaona kesho."

Jioni ile nilikwenda Ziwani kwa Bi Rukia. Nilipiga hodi, akanikaribisha, akaniketisha. Nilimwomba anionyeshe kiti cha marehemu. Alinitazama kidogo, kisha akafungua pazia la chumba cha nyuma. Kiti kilikuwa kimening'inizwa ukutani kwenye msumari. Gurudumu la kushoto lilikuwa limepinda kama sufuria iliyokanyagwa. Lisingeweza kuzunguka hata mara moja. Lakini kwenye raba, katikati ya zile pembe pembe, palikuwa na saruji. Niliigusa kwa kidole. Ilikuwa bado na unyevu.

"Tangu alasiri ipo," Bi Rukia akasema taratibu. "Nilidhani macho yangu. Ndiyo maana sikushangaa kukuona."

Hapo nikashindwa kujizuia. Nilimwambia yote: ramani ya futi thelathini, gari la mgeni, niro niliyoisugua kwa majivuno. Nikamwambia swali aliloniuliza ndugu yake na jibu nililompa.

 Machozi yalimteremka Bi Rukia, hakuyafuta.

"Alirudi nyumbani siku ile akaniambia, 'Kaka Mwangi amesema itakuwa sawa.' Alifurahi. Alipiga pasi kanga ya kuvaa kesho yake." Kisha akasema, "Mimi siwezi kukusamehe leo, Fundi. Usinifanye niseme uongo. Lakini kama yeye anakuja huko kwako na kurudi, basi ana haja. Chukua kiti, kamsikilize."

Asubuhi nilikipeleka kile kiti Kariokor kwa yuleyule fundi wa viatu vya tairi. Alikijua mara moja, akalinyoosha gurudumu kwa nyundo bila kunitoza chochote. Nikakisukuma mpaka ukumbini. Tulikuwa tumeuacha mteremko kama ulivyokuwa, na sasa ulikuwa umekauka kiasi cha kubeba uzito. Ouma alikuwa amekuja, ingawa alisimama mbali, juu mlangoni. Fomani alikuwa getini.

"Unataka kufanya nini?" Fomani akaniuliza.

"Kukaa," nikasema.

Katika miaka yote ya kujenga sikuwa nimewahi kukalia kiti cha magurudumu. Nilikaa, nikaifunga miguu yangu kwa mshipi ili isinisaidie, nikaanza kujisukuma kwa mikono. Futi tano za kwanza zilikuwa rahisi. Kufikia futi ya kumi mabega yaliwaka moto. Nilipofika konani nilitaka kupumzika, lakini hapakuwa na pa kupumzikia. Kona nayo ilikuwa ya mteremko. Ili kugeuza kiti, lazima uachie gurudumu moja, na ukiliachia kiti kinarudi nyuma. Niliachia. Kikarudi. Nilirusha mkono kushika ukingo, na vidole vyangu vikatua juu ya zile alama nne, mmoja baada ya mwingine.

Ukingo ukaniponyoka. Kiti kikaanza kuteremka kinyumenyume. Nilifumba macho.

Halafu kikasimama. Kilishikwa kutoka nyuma, taratibu, kwa mikono miwili kwenye vishikio, na nikasikia harufu ya udi na ya nguo iliyotoka kupigwa pasi.

"Asante, Ouma," nikasema, nikitweta.

Hakunijibu. Nilifumbua macho. Ouma alikuwa palepale juu mlangoni, mbele yangu, mikono yote miwili kichwani, akitazama nyuma ya kiti changu.

Hatukuwahi kukubaliana alichokiona. Hata baada ya miaka mingi alisema tu, "Wewe ulishikwa, na mimi niliona umeshikwa. Inatosha."

Lakini mimi kama fundi nilikuwa nimeshaelewa. Konani panatakiwa jukwaa: sehemu bapa kabisa, futi tano kwa futi tano, isiyopanda wala kushuka, ambapo mtu anaweza kusimamisha kiti, kuvuta pumzi, kuzungusha magurudumu na kuendelea. Jukwaa la namna hiyo linatakiwa pia mbele ya mlango, la sivyo mtu atafungua mlango akiwa anarudi nyuma. Na bomba la kushikia linatakiwa pande zote mbili, kwa sababu mkono mmoja ukichoka kuna mwingine. Hayo hakuna mtu aliyewahi kunifundisha.

Tukabomoa kona. Meneja wa Kazi akapata habari, akaja mbio.

"Nani amekwambia uweke jukwaa? Liko kwenye ramani?"

"Haliko, bwana."

"Basi nani?"

"Mwenye kiti," nikajibu. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilikisukuma kile kiti mbele yake. "Kaa, bwana. Panda mpaka pale. Ukiweza kugeuka, nitabomoa jukwaa na nitaondoka kazini leo."

Meneja alikitazama kiti. Kisha akatazama kile kipande cha ukingo chenye alama za vidole, ambacho tulikuwa tumekiweka kando. Fomani Mutua alikuja akasimama karibu nami, bega kwa bega. Nilikuwa nimefanya kazi chini yake miaka minane, na hiyo ndiyo siku aliyosimama nami.

"Malizeni," Meneja akasema, akarudi kwenye gari lake.

Tulimwaga tabaka la mwisho siku ya Ijumaa asubuhi. Saa sita tukatoka wenyewe bila kuambiana, tukafunga geti, tukaketi. Nilikuwa nimemrudishia Bi Rukia kile kiti nyumbani, naye alikuwa amekuja. Aliketi nasi kwenye jiwe, kanga ikiwa kichwani. Tukasikia. Trrr, tak. Trrr, tak. Ikafika mahali ikanyamaza.  Bi Rukia alikuwa akisoma dua kwa midomo bila sauti. Kimya kile kilikuwa kirefu, urefu wa mtu kuvuta pumzi mara kadhaa. Kisha sauti ikaanza tena, ikapanda, ikafika juu, ikasikika tofauti, kavu, kama gurudumu lililoingia kwenye sakafu ya ndani.

Tuliingia. Mistari ilipanda mpaka kwenye jukwaa. Pale ilizunguka, mviringo mzuri usio na papara, ikaendelea mpaka mlangoni. Kufuli lilikuwa bado limefungwa. Fomani alilifungua. Ndani, alama za saruji zilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye cherehani ya marehemu, kando ya dirisha la tatu, ndiyo pekee isiyokuwa na kiti mbele yake. Hakuna alama zilizorudi.

"Sawazisha?" Ouma akanong'ona.

Fomani Mutua alimtazama Bi Rukia. Bi Rukia akatikisa kichwa.

Nilipitisha ufagio pande zote, nikaiacha ile mistari miwili. Haikuonekana tena baada ya hapo, popote nilipojenga. Nami nilijenga miteremko mingi, katika mitaa ya Tena, Buruburu na Makadara, kwenye shule, makanisa, na nyumba za watu. Nilipandishwa nikawa fomani wakati Mutua alipostaafu. Nilipata sifa ya mtu msumbufu, kwa sababu sikukubali kukabidhi mteremko kabla sijaupanda mwenyewe nikiwa nimekaa, mvua ikiwa imenyesha au nikiwa nimeumwagia ndoo ya maji. Vijana walinicheka. Sikuwaambia sababu.

Sasa nimestaafu. Magoti yameisha, mkono hauwezi tena kushika mwiko kutwa. Watu huniuliza kama naamini mizimu. Mimi nawaambia ninaamini inchi moja kwa futi moja, jukwaa la futi tano, na mikwaruzo ya ufagio. Mengine niliyaona, lakini sijui kuyapima.

Bi Rukia naye amezeeka. Sukari ilimchukua mguu mmoja, na sasa yeye ndiye anayetumia kiti, kipya, cha kununua. Mwaka jana alinialika kwake Ziwani. Tangu mazishi yale alikuwa akiniita Fundi tu. Siku hiyo alifungua mlango akaniita kaka Mwangi, na nikajua kwamba jambo fulani limekwisha kati yetu, ingawa hakulitaja.

Aliniambia kwamba wiki iliyotangulia alikwenda ukumbini, akapanda ule mteremko peke yake kwa mara ya kwanza.

"Niliogopa kona," akasema. "Lakini nilipoanza tu kupanda, kiti kikawa chepesi. Chepesi kabisa, kaka, kama kinateremka."

"Kulikuwa na mtu nyuma yako?" nikamuuliza.

"Sikugeuka kuangalia," akasema, na akaendelea kunimiminia chai.